Nyota nne na chupa tano zilizorudi

Mtoto wa kaka yangu alipokuja likizo kutoka Dar alikaa kaunta nusu siku, akaniangalia ninavyohangaika na wateja, kisha akasema, "Shangazi, siku hizi waini haiuzwi kwa mdomo. Inauzwa kwa nyota." Nikamsikiliza, maana mdomo wangu wenyewe haukuwa na cha kusema. Duka langu liko Kisasa, hapa Dodoma. Nililifungua nikijua bia, soda na konyagi. Waini niliyoijua ni Dompo, na ile ya altareni ambayo padre anakunywa peke yake. Halafu serikali ikahamia huku na watu wake, na kila Bunge la bajeti likianza, Aprili mpaka Juni, wanaingia dukani watu wa suti wanauliza, "Una Pinotage?" Mara ya kwanza nilijibu kwamba imeisha, waangalie Jumatatu. Nilidhani ni dawa ya mbu, kumbe ni waini nyekundu ya Afrika Kusini.

Kijana akanipakulia programu. Wengi mnazijua: unapiga picha lebo ya chupa, simu inakuambia ni waini gani, ya zabibu gani, inatoka wapi, na wanywaji wa dunia nzima wameipa nyota ngapi kati ya 5. Vivino, iliyoanzia Denmark mwaka 2010, ndiyo inayojulikana zaidi, lakini zipo nyingine. Niliyowekewa mimi siitaji, kwa sababu nitakayoyasimulia si sifa, na pengine kosa lilikuwa kichwani kwangu kuliko kwenye simu.

Tukakata manila vipande vidogo, tukaandika nyota kwa maka peni nyekundu, tukabandika chini ya kila chupa. Wiki ya kwanza nilijiona nimesomea Ulaya. Nyekundu moja ya Afrika Kusini, Cabernet yenye 4.2, iliisha siku tatu. Nikaleta nyingine, ikaisha. Wakati huohuo ile ya 3.6, ambayo kabla ya kadi ilikuwa inatoka vizuri tu bila kelele, ikaanza kuota vumbi. Nikawa na shelfu ya aina kumi na nane na biashara ya aina moja.

Kisha akaja baba mmoja na simu yake mwenyewe. "Mama, huku wameandika pauni 7." Akapiga hesabu palepale, akaniambia ni elfu ishirini na kitu, mbona mimi nauza 38,000? Nikamweleza meli, bandari, ushuru, VAT asilimia 18, lori la kutoka Dar, na mimi mwenyewe ninayekula. Hakushiba. Nikamwambia basi ongeza na nauli ya London, na ukirudi unipitishie na mimi moja. Akacheka, akanunua. Lakini toka siku hiyo, mteja akitaka kuangalia simu yangu, ukurasa wa bei siufungui kabisa.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni sendofu.

Mama wa binti alikuja na dada yake, wamependeza, wana haraka. "Mdogo wangu, nataka waini nzuri, nisiaibike kwa wakwe." Nikamwonyesha kadi. Nne nukta mbili, dada, watu maelfu wamesema. Akachukua boksi mbili, chupa kumi na mbili, akalipa bila kuomba kupunguziwa hata mia. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari kama mtu aliyeokoa ndoa.

Jumatatu asubuhi kabla sijamaliza kufagia, kikapu kikatua kaunta. Chupa tano, hazijafunguliwa. Kumbe meza ya wakwe waliinua glasi pamoja, wakaonja pamoja, na wakakunja uso pamoja. Mjomba wa bwana harusi aliomba soda. Akaichanganya nusu kwa nusu, jirani yake akaiga, meza nzima ikaiga, na ukumbini soda zikaisha saa tatu usiku huku waini ipo. "Mdogo wangu, uliniuzia siki." Nikajitetea, dada, ina nyota nne na zaidi. Akaniangalia kwa huruma. "Nyota ziko mbinguni. Sisi tulikuwa ukumbini."

Nikamrudishia hela ya zile tano, karibu laki mbili. Jioni nikafungua moja. Hapa naungama: nilikuwa nimeiuza karibu miezi miwili sijawahi kuionja. Nikapiga funda. Ulimi ukakauka kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi, au zambarau zisizoiva. Siki haikuwa. Siki inachoma, hii inakausha, na kukauka huko kunatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu. Wenyewe wanakuita tanini. Kesho yake nikaijaribu na mbuzi choma mwenye mafuta, na ile ile waini ikawa laini, nikamaliza glasi nikatafuta nyingine. Kwa hiyo waliotoa zile nyota hawakudanganya. Walikuwa wanakula nyama na jibini zao, wamezoea mkauko. Mama wa watu alikuwa na keki.

Ndipo nikaifungua programu upya, safari hii nikashuka chini ya nyota, mahali ambapo yule kijana hakunionyesha. Kuna vimistari vinne: nyepesi au nzito, laini au inayokausha, kavu au tamu, na uchachu. Hivyo vimistari ndiyo mali. Ile Cabernet kwenye kukausha alama ilikuwa imeenda karibu mwisho kabisa. Nilikuwa nimelisoma jina la dawa nikaacha maelekezo.

Tatizo likawa waini zetu. Niko Dodoma, zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Hombolo kunasindikwa, Makutupora kuna kituo cha utafiti na zabibu nyekundu yenye jina lake hilohilo, na mimi napiga picha chupa ya hapahapa simu inaniletea nyeupe ya Italia. Nikapiga tena kwenye mwanga mzuri, ikaniuliza kama nataka kujaribu mara nyingine. Moja ilipatikana, imepewa maoni na watu saba. Wala si ajabu: anayekunywa waini ya Dodoma anakunywa, hapigi picha. Lakini mteja akiona chupa haina nyota anadhani haina ubora, na bei yake elfu kumi na kitu ndiyo inamthibitishia.

Nikaamua kuvichora vimistari mwenyewe. Nikanunua kila waini ya hapa niliyoikuta, kavu, tamu, nyeupe, nyekundu, zikawa tisa. Nikawaita majirani wawili, mwalimu mstaafu anayekunywa chai bila sukari na fundi cherehani anayeweka vijiko vitano. Tukakaa nyuma ya duka na mikate, maji na daftari. Sheria ilikuwa onja, tema, andika. Chupa ya kwanza tulitema. Ya pili mwalimu akasema kutema riziki ni dhambi. Daftari ninalo mpaka leo: mistari ya chupa nne za mwanzo imenyooka kwa rula, ya sita inapanda mlima, ya nane imeandikwa "nzuri sana huyu" na hakuna anayekumbuka ni ipi. Tukarudia Jumapili iliyofuata kwa chupa tatu za mwisho, na mara hii tulitema kweli.

Lakini usiku ule ndipo nilipopata ujanja ninaojivunia kuliko yote. Niliwaona wale wawili hawakukubaliana hata chupa moja. Aliyosifu mwalimu, fundi alisukuma. Nikawaza, basi kabla ya waini niulize chai. Sasa mteja akija sijui anachotaka namuuliza: chai unaweka sukari vijiko vingapi? Hakuna anayeona haya kujibu, wakati ukimuuliza "unapenda drai au switi?" wengi wanasema drai kwa sababu wamesikia ndiyo ya watu wenye akili. Vijiko vitatu na kuendelea, simpelekei kavu hata akiitaja kwa jina. Hana sukari, namuuliza zambarau anazipenda? Akisema ndiyo, huyo ni wa tanini, achukue Cabernet na nyama yake. Kama hapendi, nampa nyeupe kavu, au nyekundu nyepesi, namwambia aiweke friji dakika ishirini hivi, maana wanaosema nyekundu inywewe kwa joto la chumba hawajalala chumba cha Dodoma mwezi Oktoba.

Majibu nayaweka WhatsApp Business. Kila mteja ana lebo: TAMU, KAVU, NYEPESI, ZAMBARAU. Mzigo mpya ukiingia siwasumbui wote, natuma picha na vimistari kwa wenye lebo hiyo tu. Hiyo programu haijui kitu kuhusu waini, na ndiyo inayoniuzia.

Mbili nyingine niziseme haraka. Chupa za Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano namulika na kamera ya Google Translate, ingawa nayo usiiachie kila kitu. Kwenye zile zenye povu, "Extra Dry" ina sukari kuliko "Brut". Nimewahi kubishana na mteja dakika kumi kuhusu hilo, mpaka tukafungua zote mbili, kwa hela yake. "Demi-sec" ni tamu hasa, wala hiyo "sec", yaani kavu kwa Kifaransa, isikutishe. Ya pili ni Hakiki Stempu ya TRA. Tangu mwaka 2019 chupa hizi zina stempu ya kielektroniki, na unaimulika kwa simu ujue ni halali. Mimi naipiga mbele ya mteja, hasa kwa chupa ya bei. Siku za mwanzo nilifanya kwa kujilinda na walioniletea mzigo. Sasa naona mteja ananyamaza kimya akisubiri jibu, kisha analipa bila maneno.

Kadi za nyota nilizitoa, mikanda ya manila ikaishia kufungia mayai. Na yule kijana, aliporudi Krismasi akauliza nyota ziko wapi, nilimuuliza chai anaweka vijiko vingapi. "Vinne, shangazi." Nikampa tamu ya hapahapa Dodoma, akamaliza chupa akauliza ina ngapi mtandaoni.

Mama wa sendofu naye amerudi mwezi uliopita, ana ubatizo wa mjukuu. Hakutaka hata kukaribia shelfu. Nikafungua simu kutafuta jina lake, akainama na yeye kusoma, na kabla sijaificha akaona nilichoandika kuhusu siku ile ya kikapu: TAMU, wakwe, siki. Alicheka mpaka akashika kaunta. Nikamfungashia boksi la nyekundu tamu, nikamwonjesha kwanza kwenye kikombe cha chai, akatikisa kichwa kwamba sawa. Mlangoni akageuka.

"Na kreti moja ya soda, mdogo wangu. Huwezi kujua."