Leicester nilinyonyeshea chooni, Tandika nimeshikiwa kanga

Niko Dar wiki ya tatu sasa, nimemleta binti yangu wa miezi saba bibi yake amuone, na kuna jambo nimelibeba muda mrefu sijalisema, la kunyonyesha nje ya nyumba.

Mimi ni mtu wa ushungi, nimekulia Tandika kwa mama ambae hata genge la mbele ya nyumba haendi kichwa wazi. Huyu mtoto nimemzaa Leicester, Uingereza, baridi ya Januari. Manesi walinifundisha vizuri tu, miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama peke yake, hata maji usimpe, nikasema hilo naliweza. Kilichonishinda ni kutoka nje. Kule hakuna dada wa kazi, hakuna mama mdogo wa kumwachia, dukani unaenda nae, kliniki unaenda nae, na mtoto wa wiki sita hajui kusubiri mfike nyumbani.

Siku hiyo tuko mgahawani akaanza kulia, nikaangaza huku na huku, wanaume kila meza, nikabeba mkoba nikaingia chooni. Nikashusha kifuniko nikakaa. Koti sijavua, mtandio nimeung'ata kwa meno usianguke, na ile mashine ya kukaushia mikono kila ikiwaka mtoto anashtuka anaachia titi, maziwa yananimwagikia tumboni, tunaanza upya. Nje watu wanagonga. Nilipofungua mlango nikakuta mama mmoja wa Kisomali kasimama na kichanga chake begani, nae anasubiri hichohicho choo kwa kazi hiyohiyo. Tulitazamana tu. Nilifika nyumbani nikalia sana, nani anampa mtoto wake chakula chooni jamani.

Na sheria ya kule iko upande wangu kabisa. Sheria ya usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 hairuhusu mgahawa wala duka wala basi kumsumbua mama eti kwa sababu ananyonyesha, nesi mwenyewe alinieleza, akasema kaa popote unyonyeshe. Nilimuelewa, na naishukuru hiyo sheria. Ila mimi hata siku moja hakuna alienifukuza, hakuna alienisema, mimi nilikuwa nataka mtu wa kunisitiri na hapo mahali sikuwa na mtu.

Sasa juzi nimepanda daladala Tandika kwenda Kariakoo, asubuhi, watu wamejaa mpaka mlangoni. Konda kaniona tu akapiga kelele "Mama mtoto huyo, mpisheni siti!", kijana akainuka. Kufika Keko foleni haisogei, mtoto akaanza. Nikatoa lile vazi langu la kunyonyeshea nililonunua kule, zito, lina waya shingoni, nikamfunika, akawa anapiga mateke na kulivuta, kichwa chote jasho. Bibi niliyekaa nae akanigusa.

"Mwanangu, mtoto anakosa hewa humo."

"Bibi, naona haya."

"Haya ya nini na mie nipo hapa?"

Akavua kanga yake begani, pindo moja akalichomeka kwenye bega langu, lingine akalishika mwenyewe juu ya siti ya mbele, ikawa kama pazia, kisha akawageuzia mgongo waliosimama. Dada mwingine akasogea akaziba upande uliobaki na wala hakuambiwa na mtu. Kanga nyepesi, hewa inapita, namuona mtoto usoni. Nikawa nasikia anavyomeza, gu, gu, na bibi wa watu mkono juu mpaka Kariakoo huku anaongea na mwenzake bei ya mchele. Konda akadai nauli kwa wote, mimi akaniruka mpaka mtoto aliposhiba.

Sisemi Dar mambo yote sawa. Mdogo wangu kajifungua mwaka jana, zile siku 84 za likizo zikaisha akarudi ofisini, na sheria ya ajira ya 2004 inasema mama anaenyonyesha apewe muda wa kumnyonyesha mtoto hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Bosi wake alimwambia hilo halijui. Akawa anakamua maziwa stoo, amesimama katikati ya maboksi. Inaniuma, maana hapo ilitakiwa hiyo sheria ifanye kazi na haikufanya.

Jana nimeenda Kariakoo, fundi kanitilia zipu mbili za kificho kwenye madera matatu, moja kila upande, na nimenunua doti ya kanga. Mama kaikata usiku akapinda mapindo kwa mkono. Kipande kimoja changu. Cha pili nakwenda nacho Leicester, yule mama wa Kisomali huwa namuona kituo cha basi, na safari hii nitamfuata nimsalimie, na mtoto wake akilia nitamwambia akae mimi nitashika.