Uzoefu wangu: batri kubwa ya Prius haihukumiwi kwa kode moja

Hapa Lubumbashi mteja mwenye Toyota Prius, gari la petroli na umeme, huja garajini na hukumu mkononi: mashine imesoma kode ya hitilafu P0A80, kwa hiyo batri imekufa, anataka bei ya nyingine. Kode hiyo inasema tu kwamba kompyuta imeona volti za bloku (mafungu ya moduli, vipande vinavyounda batri) zinapishana kupita kiasi. Sababu haisemi, na mara nyingi sababu hiyo huonekana kabla sanduku la batri halijaguswa.

Mimi naanza na batri ndogo ya volti 12. Ikiwa imepumzika na ina chaji, inasoma karibu 12.6, ikiwa chini ya 12, kompyuta zinatoa kode za ajabu na utamfukuza mwizi asiyekuwepo. Baada ya hapo naangalia feni. Hewa ya kupoza batri kubwa inavutwa kupitia matundu yaliyo pembeni mwa kiti cha nyuma. Kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Septemba, kinajaza vumbi jekundu kwenye mapezi ya feni hiyo, na wateja wanaorundika mizigo kwenye kiti wanaziba matundu yenyewe. Batri iliyopikwa na joto inachoka haraka, hata ukiweka moduli mpya leo. Nasafisha feni kwanza, ndipo napima.

Prius za 2004 hadi 2009, na hata zile zilizofuata za nikeli, zina moduli 28 za volti 7.2, jumla 201.6. Kompyuta inazisoma mbilimbili, bloku 14: bloku ya 6 ni moduli ya 11 na ya 12. Mwenzangu anaendesha, mimi nasoma skana (mashine ya kusoma kompyuta ya gari) kando yake. Akikanyaga gesi ghafla batri inatoa umeme. Akiachia au akifunga breki inajazwa. Bloku mbovu huanguka chini ya wenzake wakati wa kutoa, kisha huruka juu yao wakati wa kujaza. Tofauti ikipita volti 1 gari likiwa na kazi, nimeshapata pa kutazama.

Hapo ndipo wengi wanaharakisha kununua moduli. Angalia kinachotokea mkondo ukikoma. Bloku ikirudi mara moja sawa na wenzake, nashuku vibao vya shaba vinavyounganisha moduli: kutu ya kijani inaleta ukinzani, na ukinzani unaonekana tu umeme unapopita. Bloku ikibaki chini kwa takriban volti 1.2 hata gari limepumzika, seli moja imekufa, na hiyo huwezi kuisafisha.

Kode P0AA6 ni habari nyingine kabisa. Inamaanisha umeme mkubwa unavuja kwenda bodi ya gari, kwa hiyo usalama uliotegemea kwamba bodi haina uhusiano na batri umepungua. Kode ndogo inaonyesha eneo: 611 ni upande wa kiyoyozi, 612 batri, 613 giaboksi na mota. Ukiiona 611, muulize mteja nani alijaza gesi ya kiyoyozi. Kompresa hii ya umeme inataka mafuta ya ND-OIL 11. Mafuta ya kawaida ya PAG yanapitisha umeme na kuharibu kinga yake ya kuzuia umeme usivuje. Multimeta haitakuonyesha uvujaji huo, unahitaji mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500, nayo unaipima sehemu ikiwa imetenganishwa.

Sasa kufungua. Sifungui peke yangu: mwenzangu anakaa karibu na fimbo kavu ya mbao, kazi yake ni kunivuta, si kunisaidia. Pete, saa na mkufu vinatoka. Glavu ni za mpira za daraja 0, volti 1000, na za ngozi juu yake. Zile nene za wajenzi zinazouzwa sokoni hazihusiki hapa hata kidogo. Kila mara nazikunja kutoka kifundoni ili hewa ibanwe ndani. Zikitoa hewa hata kwa tundu dogo, zinatupwa.

Gari linazimwa, ufunguo unapelekwa mbali, hasi ya batri ndogo inatolewa, ndipo natoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa. Inaingia mfukoni mwangu ili mtu asiirudishe. Kisha dakika 10 za kungoja, kwa sababu inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa batri uendeshe mota, inapandisha volti hadi 500 kwa gari la 2004 hadi 2009 na 650 kwa lililofuata, na kapasita zake, zinazohifadhi umeme, hazisahau haraka. Napima kwenye vituo (ncha za kuunganishia nyaya) vya inveta kwa multimeta ya CAT III 1000 V, yaani ya kiwango kinachohimili umeme mkubwa: kwanza najaribu multimeta kwenye batri ninayoijua ina umeme, napima inveta, narudi tena kwenye batri ile. Sifuri ya multimeta iliyokufa inaua.

Na hata baada ya hapo, ndani ya sanduku umeme upo. Plagi inakata mnyororo tu. Kila upande bado una volti za kutosha kumdhuru mtu. Glavu hazitoki.

Vibao vyenye kutu nasugua kwa msasa laini, navikausha, nafunga nati kwa kle (spana) ya 8 na kle ya mkazo, ile inayopima nguvu ya kukaza: 5.4 N·m. Ukikaza kwa nguvu ya mkono, kituo kinazunguka ndani ya plastiki na moduli nzima imekwenda. Moduli nazipima moja moja na taa ya gari ya wati 55 kwa dakika mbili, nikilinganisha mshuko wa volti. Sizijazi zikiwa zimelegea nje ya fremu, zinavimba.

Wakati wa kurudisha, wenzo (mkono) wa plagi ya usalama ya gari la 2004 hadi 2009 una hatua tatu: ingiza, simamisha, telezesha chini. Wengi wanasahau hiyo ya tatu, gari linakataa kuwasha READY, taa ya kwamba liko tayari kuendeshwa, na wanaanza kutafuta hitilafu nyingine ambayo wameitengeneza wenyewe.

Moduli iliyobadilishwa haifanyi 27 zilizobaki kuwa mpya. Mteja anaambiwa hivyo kabla hajalipa, na kwenye risiti naandika namba ya moduli na volti iliyosomwa.