Goti lililosagika si la kukimbilia vidonge

Mama yangu mkubwa, ambaye anatumia dawa za presha, alikuwa na mazoea ya kununua vidonge vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kila goti lilipomzidia, na dukani hakuna aliyemwuliza kama ana ugonjwa mwingine. Mazoea hayo ni ya nyumba nyingi, ndiyo maana nimeona niyaandikie.

Tiba ya kwanza ya goti lililosagika ni mazoezi. Wengi hawaliamini hili, wakidhani kiungo kilicholika huzidi kulika kikitumiwa, kumbe msuli wa mbele wa paja ukiimarika hulipunguzia goti mzigo. Zoezi alilopewa Mama mkubwa ni jepesi: anakaa kitini, ananyoosha mguu, anaushikilia kwa sekunde chache, kisha anaushusha taratibu. Mwanzoni huuma kidogo, na nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo anayoipunguza huliondolea goti takriban kilo 4 za mzigo katika kila hatua. Fimbo nayo hushikwa kwa mkono wa upande wa goti lisilouma, jambo ambalo wengi hulifanya kinyume.

Kwa upande wa dawa, jeli ya diklofenaki ya kupaka ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa ni kiasi kidogo tu kinachoingia kwenye damu. Vidonge vyake huweza kupandisha presha, kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa kwa anayetumia pia dawa za presha za kuongeza mkojo. Vikilazimu, daktari huvitoa kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo na ambacho bei yake hunikera, imekataliwa waziwazi na mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2022.

Sindano ya steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini isigeuzwe desturi: katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, waliochomwa kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2 walipoteza gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti. Upasuaji wa kubadilisha goti, ambao hufanyika hata katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ni wa mtu ambaye hayo yote yamemshinda na maumivu yanamnyima usingizi, na hata huko mgonjwa huanza kufanyishwa mazoezi ya paja katika siku ya kwanza au ya pili baada ya kutoka chumba cha upasuaji.