Matone ya Hita Usiyazibe

Baridi ya Juni ikishaingia Arusha, simu zangu hubadilika. Miezi mingine naitwa kwa sinki lililoziba au floti ya tanki isiyokata maji. Sasa ni hita za maji ya kuoga tu, kuanzia Njiro mpaka Sakina, na wengi wana neno moja: "Fundi, hita yangu inavuja."

Mara nyingi haivuji. Kinachodondosha ni valvu ya usalama, ile ndogo yenye kishikio, chini ya hita kwenye bomba la maji baridi. Maji yakipata moto hutanuka. Hita ya lita 50 ikipasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60, yanaongezeka kama robo tatu ya lita, na valvu ndiyo inayoyatoa. Ikidondosha wakati wa kupasha kisha ikakoma, iko kazini.

Juzi nimeingia nyumba moja Kijenge, mama akanionyesha kwamba kuna kijana alishamzibia mdomo wa valvu kwa plagi, kile kizibo cha bomba. Nilizima swichi kabla sijaweka begi chini.

"Lakini fundi, ukuta ulikuwa unalowa."

"Mama, ukuta tutaupaka rangi. Hii inaua."

Thermostati, ile inayopima joto la maji, ikigoma kukata umeme, maji yanapita nyuzi 100 na presha haina pa kutokea. Tanki likipasuka, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikiwa mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Bafu gani litahimili hilo? Naomba mafundi wenzangu tuache kabisa kuziba hiyo kitu, hata mteja akilazimisha.

Ukuta ukilowa, visha mdomo wa valvu mpira wa maji, uteremke hadi kwenye shimo la bafu, na mwisho wake ubaki wazi. Ikidondosha hata hita ikiwa ya baridi, huenda uchafu umekwama au presha ya bomba ni kubwa: inua kishikio maji yatoke kidogo, na isipokoma, badilisha valvu. Maji yakitoka kwenye mwili wa hita wenyewe, tanki limeoza, hapo ni kununua nyingine. Na ukihisi umeme kwenye koki, zima meni swichi, usioge, ita fundi umeme.

Ukienda dukani kuchukua valvu, soma presha iliyoandikwa juu yake. Isizidi ile iliyoandikwa kwenye kibati cha maelezo cha hita yako.