Nilivyochukua sampuli ya mtandao wa waendesha boda Kampala

Ukitaka kujua habari zinavyosambaa kati ya waendesha boda, usiokote majina kumi katika kila mia kisha uangalie nani anamjua nani miongoni mwa hao hao. Urafiki huonekana pale tu watu wote wawili wanapoangukia kwenye sampuli: 0.1 mara 0.1, yaani kiungo kimoja kwa kila mia. Pembetatu ya marafiki watatu hubaki moja kwa elfu. Mtandao ulioshikamana vizuri utauona umevunjika vipande vipande, kumbe umeuvunja wewe.

Isitoshe, sikuwa na daftari lenye waendeshaji wote. Nikatumia kuponi, njia aliyoieleza Douglas Heckathorn mwaka 1997: mhojiwa huwaleta wenzake kwa kuwapa kuponi za mwaliko, nao huwaleta wenzao. Kibali cha utafiti kishughulikiwe mapema, kabla ya kuchapa kuponi hata moja.

Nilianza na mbegu sita, yaani wahojiwa wa kwanza niliowachagua mwenyewe, kila moja steji yake: Wandegeya, Kalerwe, Nakawa, Ntinda, Katwe na Kabalagala. Kila mhojiwa alipewa kuponi tatu zinazokufa baada ya siku 14. Namba ya kuponi hubeba ukoo: 4-2-1 ni mtu wa kwanza wa yule wa pili aliyeletwa na mbegu ya nne. Majina sikuandika. Mbegu chache zenye minyororo mirefu ni bora kuliko mbegu arobaini zinazokatika wimbi la pili (wimbi ni kizazi kimoja cha walioletwa), maana huko utakuwa unapima uteuzi wako mwenyewe. Mimi sikuridhika chini ya mawimbi sita.

Swali linalobeba hesabu yote ni hili: "Ni waendesha boda wangapi wa Kampala unaowajua kwa jina, nao wanakujua kwa jina, na mmeonana siku 30 zilizopita?" Ukiuliza tu "una marafiki wangapi?", mmoja atahesabu wa kufa na kuzikana, mwingine atahesabu steji nzima. Majibu hupenda kuangukia 10, 20, 50. Hapo nilimrudisha mhojiwa steji kwa steji, tukajumlisha pamoja.

Kwa nini idadi hiyo? Kwa sababu mwenye marafiki wengi hufikiwa na kuponi kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kila mtu hupewa uzito wa 1 kugawa kwa idadi ya marafiki wake. Chukua wanne wenye marafiki 5, 10, 20 na 20. Watatu wa mwisho wamo kwenye chama cha akiba, wa kwanza hayumo. Ukihesabu vichwa unapata 75%. Uzito wao ni 0.2, 0.1, 0.05 na 0.05, jumla 0.4, wanachama wana 0.2. Jibu ni 50%. Wastani wa marafiki nao hushuka kutoka 13.75 hadi 10. Tofauti hiyo si ndogo, na anayechapisha 75% anawapotosha wasomaji wake.

Kwa ukubwa wa sampuli, ile idadi ya watu 385 ya vitabuni (kosa la asilimia 5) izidishe kwa mbili angalau, iwe 770, maana watu wa mnyororo mmoja hufanana.

Yanayoharibika ni haya. Malipo yakiwa makubwa, wasioendesha boda watakuja. Nililipa shilingi 10,000 za mahojiano na 5,000 kwa kila aliyeletwa, na mlangoni tuliuliza nauli ya saa mbili usiku kutoka steji yake na nani anashika pesa za steji. Mwenyekiti wa steji moja alikusanya kuponi za vijana wake akazigawa kwa watu wake; tangu hapo kuponi nikaikabidhi mkononi mwa mhojiwa, faraghani. Uzito nao hautibu kila kitu: jaribio lililofanyika vijijini Masaka, likachapishwa mwaka 2012, lilikuta vijana na wenye uwezo wamepungua kwenye sampuli, na hesabu za kurekebisha hazikuwarudisha.

Kila jioni nilichora mstari wa makadirio wa kila mbegu peke yake. Mistari ikikaribiana, unaweza kuanza kupunguza kuponi kutoka tatu hadi moja. Ikibaki mbalimbali, basi kuna ukuta kati ya steji, na hapo ongeza mbegu ng'ambo ya ukuta huo kabla ya kuendelea kugawa.