Siku moja maishani mwangu: mchambuzi wa utafiti wa operesheni (kutumia hesabu kufanya maamuzi ya kazi)

Saa 2:00 asubuhi. Swali la meneja: akodi mashine zaidi au awaongezee wafanyakazi muda? Kiwanda kina bidhaa mbili. Kipande cha A kinaleta faida ya 40, cha B 30. A inakula saa 2 za mashine na saa 1 ya mfanyakazi. B saa 1 na saa 1. Kwa wiki zipo saa 100 za mashine na 80 za wafanyakazi.

Saa 2:30. Kusafisha data, kazi ndefu kuliko hesabu yenyewe. Muda wa A kwenye mashine umeandikwa 120: hizo ni dakika. Ukiuacha hivyo kompyuta hailalamiki. Itakaribia kuifuta A kwenye mpango na kukupa jibu safi la uongo. Namuuliza pia msimamizi wa karakana, maana muda wa kwenye makaratasi mara nyingi hauhesabu kubadilisha vifaa.

Saa 4:30. Modeli: 40A + 30B iwe kubwa kadiri inavyowezekana, mradi 2A + B isizidi 100 na A + B isizidi 80. Lahajedwali inatosha. Jibu ni A 20, B 60, faida 2,600. Njia ya simpleksi, aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947, hupita kona hadi kona (kona ni mahali mipaka ya masharti inapokutana), basi nami nazikagua kona kwa mkono: A 50 peke yake ni 2,000, B 80 peke yake ni 2,400. Sawa.

Saa 5:15. Meneja hakuuliza atengeneze ngapi. Jibu lake limo kwenye bei kivuli, yaani faida inayoongezeka ukipata saa moja zaidi: mashine 10, mfanyakazi 20. Kwa hiyo muda wa wafanyakazi kwanza, lakini mwisho saa 100. Hapo A imeshafika 0, B ni 100, mashine imejaa, na saa ya 101 haina thamani hata senti. Mtego: kama mishahara ilishatolewa kwenye faida ya 40 na 30, ile 20 ni nyongeza juu ya mshahara wa kawaida. Kama haikutolewa, ndiyo kikomo cha malipo yote ya saa hiyo. Wengi huchanganya.

Saa 8:00 mchana. Idara ya mauzo inaleta oda za lazima: A 25, B 60. Programu inajibu "hakuna suluhisho" bila kusema kwa nini. Dawa ni kuongeza kigeu cha upungufu, yaani kiasi ambacho sharti linaruhusiwa kuvunjwa, kwenye kila sharti la saa, chenye adhabu kubwa. Kinafichua pengo: saa 10 za mashine, 5 za wafanyakazi. Ushauri wa asubuhi peke yake hautoshi tena.

Saa 10:00 jioni. Ripoti, nusu ukurasa, bila alama za hesabu: tafuteni saa hizo 15, au mwombeni mteja wa A asubiri vipande 5 hadi wiki ijayo, akikubali, hakuna cha kukodi.