Siku moja maishani mwangu: fizi ya kuazima

Saa 11:30 alfajiri, Shangani, Mtwara. Leo kahawa sinywi. Kuna fizi ya kushona, na uzi wa 6-0 ni mwembamba kama unywele. Mkono ukitetemeka kidogo tu, unakuumbua.

Saa 2 asubuhi kliniki imeshajaa. Ni msimu wa korosho, watu wa Newala na Tandahimba wanakuja na meno waliyoyavumilia tangu masika. Nang'oa mawili, naziba moja, mtoto mmoja ananing'ata kidole. Basi.

Saa 4 anaingia mgonjwa wangu, mama mmoja wa Mikindani, mwalimu mstaafu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Leo ndiyo unanichuna?”

Jino lake la mbele liling'oka kwenye ajali ya bodaboda, akawekewa la kupandikiza, linaloshikiliwa na skrubu ya titani ndani ya mfupa. Jino lenyewe imara, skrubu haichezi. Fizi ndiyo iliyopanda juu, chuma cha kijivu kinachungulia kama milimita 2. Akicheka anaziba mdomo kwa kanga. Waliomwekea waliielekeza skrubu upande wa mdomo kupita kiasi, na fizi yake ni nyembamba tangu kuzaliwa.

Watu hudhani fizi ni fizi. Ya jino la asili ina nyuzinyuzi zilizojikita kwenye mzizi. Kwenye titani zinapita kando tu, kama majirani wasiosalimiana. Damu nayo ni haba, maana ule utando kati ya mzizi na mfupa haupo. Kwa hiyo tunaazima nyama kwenye kaakaa. Kofia ya jino nilishaipunguza unene wiki zilizopita ili fizi ipate pa kulala. Kufunika chuma chote sikumwahidi. Nilimwambia tutaongeza unene, kijivu kipungue, tukijaliwa kipotee kabisa.

Sindano ya ganzi. Natengeneza kwanza mfuko ndani ya fizi, napima, ndipo nageukia kaakaa, usawa wa magego madogo. Huko nyuma kuna mshipa wa damu nisiotaka kukutana nao. Natoa kinyama cha milimita 10 kwa 6, unene 1.5, cheupe, chenye utelezi. Nakiweka kwenye gozi, kile kitambaa laini cha vidonda, yenye maji ya chumvi.

Umeme unakatika.

Mashine ya kufyonza mate kimya. Sista anachukua gozi, mimi nawasha taa ya kichwani, jenereta inakohoa huko nje. Nakiingiza kinyama mfukoni, navuta fizi ishuke juu yake. Mshono wa kwanza unachana ukingo. Ndiyo adhabu ya kuvuta kwa haraka. Nalegeza fizi zaidi huko juu inakokutana na mdomo, nashona upya, safari hii haina mvutano. Nabonyeza kwa gozi mbichi dakika tano, damu isijikusanye katikati, maana kinyama kinaishi kwa kushikana na jirani yake.

Saa 6:15 namwagiza: usipige mswaki hapo, sukutua kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu mdomoni), mdomo usiuinue kujitazama kwenye kioo (wote huinua), nyuzi tutazitoa baada ya wiki mbili.

Mchana wali na pweza, halafu mafaili.

Saa 1 usiku simu inaita.

“Daktari, kaakaa linawaka kuliko fizi.”

“Ndivyo lilivyo mama, meza ile dawa ya maumivu.”

“Haya. Na ming'oko je, vile viazi vyetu vya porini? Wajukuu wamechemsha.”

“Ya moto?”

“Inafuka moshi.”

“Wewe leo uji, mama. Uliopoa.”

Nasikia anawaambia wajukuu wamwekee mitatu ya kesho.